UZI: Stima ikipotea nyumbani kwako, mshahara unakatwa kwa sheria gani?

Binti wa Umoja

Wadau, hamjambo. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Nauandikia kila mtu anayefungua laptopu ya kampuni juu ya meza ya kulia chakula, awe Umoja, Kasarani, Rongai au Kitengela, ambaye ameshaambiwa kwamba kwa vile yuko nyumbani hana la kulalamikia.

Mimi huhudumia wateja kwa simu na kwa ujumbe, zamu ya usiku, maana wateja wenyewe wako ng'ambo na usiku wetu ndio mchana wao. Naishi chumba na sebule. Meza yangu ya kazi imebanana kati ya friji na dirisha kwa sababu soketi nzima ni moja tu, ile ya friji. Zamu ikianza nachomoa friji, ikiisha nairudisha. Maziwa ya mtoto nayanunua asubuhi kwa asubuhi.

Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 niliingia kazini saa mbili usiku. Muda mfupi kabla ya saa nne stima ikapotea. Nikachungulia dirishani, mtaa mzima giza. Mnaukumbuka usiku ule: nchi karibu yote ilizimika, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Saa nne na dakika tatu nilimwandikia msimamizi wangu WhatsApp, nikampigia na picha ya mita ikiwa haiwaki hata taa moja. Nikaendelea na betri ya laptopu na bando la simu. Karibu saa sita betri ikafa, nikabaki nimekaa gizani na simu mkononi nikingojea. Stima iliporudi kwetu zamu ilikuwa imekwisha zamani.

Mwisho wa mwezi hati ya mshahara ikaja na mstari ambao sikuwahi kuuona: "Makato mengine, 1,769". Wakati huo nilikuwa napokea 46,000. Gawa kwa siku 26 za kazi, utaona ile namba imetoka wapi. Walikuwa wamekata usiku mzima, pamoja na zile saa karibu nne nilizopokea simu za wateja. Nilipouliza nikaambiwa, "Kama unafanyia kazi nyumbani, stima ni jukumu lako." Hakuna barua, hakuna maelezo mengine.

Sasa tusome sheria pamoja. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, imetaja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya. Kuna yale yaliyoagizwa na sheria nyingine au na mahakama, kuna pesa ulizolipwa zaidi kwa makosa, kuna mkopo uliochukua kwa mwajiri, kuna mali ya mwajiri uliyoiharibu kwa makusudi. Na kuna siku ulizokosa kazini. Hapo ndipo palipokuwa pangu, nikausoma mstari ule mara kumi. Unasema mwajiri anaweza kukata mshahara usiozidi wa siku moja kwa kila siku ya kazi ambayo mwajiriwa, bila ruhusa wala sababu nyingine halali, amekosekana siku nzima kwenye majengo ya mwajiri au mahali pengine palipowekwa pa kufanyia kazi yake.

Someni taratibu. Siku nzima: mimi nilikuwa nimeshafanya karibu saa nne. Sababu halali: nchi iko gizani. Mahali palipowekwa pa kufanyia kazi: mkataba wangu unasema nyumbani kwangu, na usiku ule sikutoka nyumbani kwangu. Kwa hivyo nilikosekana wapi?

Mkataba huo pia una mstari unaosema mwajiriwa atahakikisha ana umeme na intaneti ya kuaminika. HR, wale wa ofisi ya wafanyakazi, waliushikilia sana. Lakini kifungu cha 3 cha sheria hiyo hiyo kinasema masharti yaliyomo ni kima cha chini, na mapatano yoyote ya kuyapunguza ni batili. Unaweza kuniandikia barua ya onyo kwa mstari ule ukitaka, tujadiliane. Kunikatia mshahara nje ya kifungu cha 19 ni jambo jingine.

Niliandika barua ya aya tatu, nikaituma kwa baruapepe. Wiki mbili kimya. Nikaenda leba, yaani ofisi ya kazi ya serikali. Afisa wa kazi aliniuliza vitu vitatu: mkataba, hati ya mshahara, na ule ujumbe wa saa nne na dakika tatu. Hakuniuliza hata mara moja kama nilikuwa ofisini au nyumbani. Aliwaita kampuni, tukakaa, na mwisho wa Oktoba pesa ikarudi, yangu na ya wenzangu wanne wa zamu ile ambao hawakuwa wameandika chochote. Kwangu 1,769 ni tokeni za stima za mwezi na chenji ya bando. Ni pesa niliyoifanyia kazi.

Naendelea chini, mtoto ameamka.

Binti wa Umoja

Nimerudi. Kabla ya maswali, neno kuhusu lugha, kwa sababu limenisumbua nikiandika. Kwa Kiswahili ukisema "mfanyakazi wa nyumbani" kila mtu anamfikiria dada anayelea watoto na kupika. Sisi tunaofanyia kazi za ofisi nyumbani hatuna hata jina. Na sheria nayo haikututengea jina wala sura: Sheria ya Ajira haina mahali inaposema huyu ni wa ofisini, huyu wa sebuleni. Wengi wakilisikia hilo wanadhani hatulindwi. Mimi nalisoma kinyume. Sheria inamwangalia mwajiriwa, na dada wa kazi naye ni mwajiriwa chini ya sheria hiyo hiyo. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini, ujira wa haki na mazingira ya kazi yanayofaa. Kila mtu.

Kwa hivyo likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi, hata kama kitanda chako kiko hatua tano kutoka mezani. Siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, ni yako. Likizo ya uzazi miezi 3 kwa mshahara kamili, ya baba wiki 2. Mkataba wa miezi 3 au zaidi lazima uwe kwa maandishi. Na kama hawakukupa maandishi, usife moyo: mkifika mahakamani mwajiri asipoutoa mkataba, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti unalolidai unamwangukia yeye. Ni kifungu cha 10. Watu wengi huacha madai yao kwa kuamini kwamba pasipo karatasi hakuna kesi.

Kijana wa Rongai

Dada, asante sana. Mimi naambiwa si mwajiriwa, ni "mshauri wa kujitegemea". Lakini naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni, nikitaka kwenda mazishi naomba ruhusa, laptopu ni yao. Kila mwezi wananikata 5% halafu basi.

Binti wa Umoja

Kaka, hiyo 5% inasema mengi. Ndiyo kodi ya zuio inayokatwa kwenye malipo ya ushauri. Mwajiriwa hukatwa PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) ya 2.75%, na ushuru wa nyumba 1.5% ambao mwajiri naye anauongezea 1.5% yake. Wakikuita mshauri, mchango wao wa NSSF na wa nyumba unabaki mfukoni mwao, na likizo ya ugonjwa wanaitoroka.

Mahakama haitazami jina pekee. Inatazama ni nani anayepanga saa zako, nani anatoa vifaa, nani anakusimamia, na kama kazi yako ni sehemu ya shughuli zao za kila siku au ni huduma unayowauzia kama unavyowauzia wengine. Unaomba ruhusa ya mazishi, kaka yangu. Mtu aliyejiajiri huwa anatoa taarifa tu. Weka zile jumbe za kuomba ruhusa, na za kukataliwa hasa.

Mtu wa HR

Nimesoma yote na sitaki kupinga kwa kupinga. Niko HR miaka 11. Lakini semeni ukweli pia. Tumewahi kumpata mtu ameajiriwa na kampuni mbili saa zile zile. Mwingine alimpa binamu yake nywila, binamu akawa ndiye anayejibu wateja. Mwingine kila Jumatatu stima imepotea, jirani yake ambaye pia ni mfanyakazi wetu ana stima. Mwajiri afanye nini? Akae tu?

Binti wa Umoja

Karibu sana, na nashukuru umekuja kwa heshima. Hayo uliyoyataja yapo na ni makosa makubwa. Yule wa nywila ameweka data za wateja wenu mikononi mwa mtu msiyemjua, na kwangu hiyo inatosha kumfukuza mtu.

Ila njia ipo na mnaifahamu kuniliko. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira: kabla ya kumfuta mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, kwa kazi duni au kwa sababu ya ugonjwa, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na huyo mtu awe na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akiwapo maelezo yanapotolewa. Kisha asikilizwe, na huyo mwenzake asikilizwe pia. Hata kwenye kosa kubwa la kufukuzwa papo hapo, lazima umsikilize kwanza. Halafu mkifika kortini ni mwajiri anayethibitisha sababu.

Kinachotokea kwetu ni hiki. Msichana wa timu yetu aliamka asubuhi akakuta ametolewa kwenye grupu la WhatsApp. Akajaribu kuingia kwenye mfumo, akaunti imefungwa. Akampigia msimamizi, simu haishikwi. Siku tatu baadaye dereva wa boda alibisha mlangoni akisema ametumwa kuchukua laptopu. Hivyo ndivyo alivyojua amefutwa. Ofisini mtu angalau angeitwa kwenye chumba, angeona nyuso. Mtu wa HR, nakuomba kwa dhati, ukikutana na kesi kama hiyo huko kwenu, izuie. Kikao kinaweza kufanyika kwa video, na yule mwenzake akaongezwa kwenye simu. Haigharimu kitu.

Mtu wa HR

Hilo la boda nakubaliana nawe. Ni aibu. Na ni ghali pia, fidia ya kufutwa isivyo haki inaweza kufika mshahara wa miezi 12.

Mama Taji

Naomba kuuliza kuhusu kamera. Kampuni yetu ilituwekea programu inayopiga picha ya skrini na ya uso kila baada ya dakika kadhaa. Mwanangu ana miaka minne. Juzi msimamizi alinitumia picha ambayo mtoto amesimama nyuma yangu, hana shati, ameandika "punguza usumbufu". Sikulala. Hiyo picha ya mwanangu iko wapi sasa?

Binti wa Umoja

Mama Taji, pole sana. Swali lako la mwisho ndilo swali la kuwauliza, tena kwa maandishi, kwa maneno hayo hayo.

Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, ya nyumba yake na ya mawasiliano yake. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Inakupa haki ya kujua data gani inakusanywa na inatumika kwa jambo gani, ya kuiona, ya kupinga isichakatwe, na ya kutaka iliyo ya uongo au ya kupotosha ifutwe au isahihishwe. Data ya mtoto ina ulinzi wake wa pekee: haichakatwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na lazima iwe kwa njia inayolinda maslahi ya mtoto. Wewe ulikubali kazi, hukumwidhinisha mtoto.

Sisemi mwajiri hana haki ya kujua kama unafanya kazi. Anaweza kuhesabu simu ulizopokea, tiketi (maombi ya wateja) ulizofunga, muda uliokuwa umeingia kwenye mfumo. Mimi nahesabiwa hivyo na sina tatizo nalo. Uso wangu kila dakika chache ndani ya nyumba yangu, hapo lazima anieleze kwa nini njia nyepesi zaidi haikutosha. Wasipokujibu, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Hulipii, na sheria inaitaka ofisi hiyo ihitimishe uchunguzi ndani ya siku 90. Kwa leo, geuza meza ili kamera itazame ukuta.

Mwana wa Kahawa West

Na hawa wanaotuma ujumbe saa tano usiku "nifanyie hii kabla ya kesho"? Nilisikia kuna sheria ya kuzima simu.

Binti wa Umoja

Uliousikia ni mswada wa 2022, wa Seneta Samson Cherargei wa Nandi, uliotaka mfanyakazi awe na haki ya kutojibu nje ya saa za kazi. Mswada ni pendekezo, usijitetee nao mbele ya mtu. Jitetee na kilichopo: agizo la jumla la mishahara linaweka saa 52 za kawaida kwa wiki, zikienea kwa siku sita, na mikataba mingi ya ofisi ni chini ya hapo. Zikizidi, saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili. Kwa hivyo fungua daftari. Andika tarehe, saa uliyotumiwa kazi, saa uliyoimaliza. Hesabu ya wiki sita iliyoandikwa siku kwa siku inasikilizwa kuliko maneno ya "huwa wananisumbua sana usiku".

Dada wa Zimmerman

Mume wangu akiwa kwenye mkutano wa kazi aliinuka kufuata chaja ya laptopu ya kampuni, akajikwaa kwenye waya wa ekstensheni, akaanguka, kifundo cha mkono kikavunjika. Saa tano asubuhi siku ya Jumatano. Bosi amesema pole, atumie kadi yake ya hospitali. Tumeachia hapo.

Binti wa Umoja

Dada, msiachie hapo. Jeraha ni la lini? Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ile watu huita WIBA, inauliza kama ajali ilitokana na kazi na ilitokea wakati wa kazi. Jumatano saa tano, yuko mkutanoni, ameinuka kufuata chaja ya laptopu ya kampuni: hiyo ni hoja yenye nguvu. Angekuwa anaoga, ningekwambia ukweli kwamba ni ngumu. Mwajiri akishaarifiwa ana siku 7 za kumjulisha mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Mpe taarifa kwa maandishi leo, maana dai lisiporipotiwa kwa miezi 12 linapotea. Ambatisha karatasi za hospitali na mwaliko wa ule mkutano wenye saa na tarehe. Mwajiri anapaswa kuwa na bima ya hili, haitoki kwenye kadi yenu ya familia.

Kijana wa Rongai

Na kama kampuni yenyewe iko nje, haina hata ofisi Nairobi?

Binti wa Umoja

Hapo nitakuwa mkweli. Mahakama zetu zimeonyesha kwamba ugeni wa kampuni pekee si kinga. Wale wasimamizi wa maudhui waliofanya kazi ya Facebook hapa Nairobi waliishtaki Meta, Meta ikasema haiwezi kushtakiwa Kenya, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaikataa hoja hiyo. Ni jambo kubwa kwetu sote. Lakini wale walikuwa na jengo hapa, na kampuni ya hapa iliyowaajiri. Ukishinda kesi dhidi ya kampuni isiyo na kiti wala akaunti Kenya, kulipwa ni safari nyingine. Kama kuna kampuni ya hapa inayokulipa kwa niaba yao na kukukata PAYE, shika hiyo, ndiyo iliyotia sahihi.

Mwana wa Kahawa West

La mwisho dada. Sisi tulipelekwa nyumbani Machi 2020 wakati wa korona. Sasa wanataka turudi Westlands siku tano. Nauli na foleni ya Thika Road mnaijua.

Binti wa Umoja

Angalia mkataba ulisema mahali pa kazi ni wapi. Mahali pa kazi ni moja ya mambo ambayo lazima yaandikwe. Kama uliandikwa ofisini, na nyumbani mlienda kwa sababu ya agizo la serikali, wana haki ya kuwaita, ninyi ombeni muda wa kutosha wa kujipanga. Kama mkataba unasema nyumbani, hawawezi kuubadilisha kwa tangazo la grupu. Lazima washauriane nawe kisha wakuarifu mabadiliko kwa maandishi. Na ile ya nani alipe bando na stima, Sheria ya Ajira haina kifungu cha moja kwa moja, ni mapatano yenu. Sisi tuliomba tukiwa kumi na wawili kwa barua moja, tukapewa 2,500 kwa mwezi. Mmoja mmoja tulikuwa tumekataliwa.

Dada wa Zimmerman

Tumeandika barua sasa hivi. "Kwa meneja, tarehe fulani mwezi uliopita mfanyakazi wako alipata ajali akiwa kazini, tunaomba taarifa ipelekwe kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini." Inatosha?

Binti wa Umoja

Ondoa "tarehe fulani", weka tarehe kamili na saa. Andika alikuwa kwenye mkutano gani na nani walikuwa kwenye simu, hao ndio mashahidi waliosikia akianguka. Yeye mwenyewe atie sahihi, hata kwa mkono wa kushoto. Itume kutoka kwa baruapepe ya kazi, na yake binafsi aiweke kwenye nakala, kwa sababu ya kazi wanaweza kuifunga usiku wa leo.